Jibu: Debe la sarafu za kale, ninunue?
Salaam mkuu. Umesema mzee anauza debe zima la sarafu kwa bei moja, nawe hujui kama zinalipa. Wingi usikutie tamaa. Mwombe azimwage zote mezani, utenge shilingi za Afrika Mashariki kwa mwaka: za 1921 hadi 1946 robo yake ni madini ya fedha (silver) halisi, za 1948 hadi 1952 hazina fedha. Kisha rupia za Mjerumani, yaani sarafu za fedha za enzi za ukoloni wa Wajerumani huku kwetu. Rupia moja nzima ina gramu 11.66 hivi, kwa hiyo nenda na mizani ndogo na sumaku. Mimi niliwahi kununua mfuko kwa macho tu. Nilipofika nyumbani rupia tatu zikanasa kwenye sumaku, kumbe bandia, maana fedha hainasi! Zilizosuguliwa zikang'aa, shusha bei. Kiasi cha kutoa siwezi kukutajia bila kuziona, tuma picha za pande zote mbili.