Kwa wanaoanza kuunganisha seli za michungwa

Wiki hii nimewakuta tena vijana wa maabara yetu hapa Dar es Salaam wakitenga miche kwa ajili ya debe la taka, kwa sababu kipimo kimeonyesha kromosomu 18, idadi ya mzazi mmoja, badala ya 36 za chotara wa seli mbili zilizounganishwa. Niliwazuia kwa ukali ambao sikuukusudia, kwa hiyo nadaiwa maelezo.

Kwanza, tumieni kalusi (fungu la seli zisizo na umbo zinazokuzwa maabara) laini inayomeguka, iliyohamishiwa kwenye chakula kipya hivi karibuni. Kalusi kongwe hunenepa vizuri, kisha hukataa kutoa viinitete, ambavyo ndivyo hukua kuwa miche.

Pili, protoplasti ni seli iliyovuliwa ukuta, hivyo kila myeyusho unaoigusa, hata ule wa kuoshea, uwe na manitoli au sukari ya kutosha, isije ikapasuka. Sitalirudia hili, ingawa najua kwamba Jumatatu nitalirudia.

Tatu, baada ya sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi, chukueni ule mkanda wa protoplasti uliosimama kati ya sukari ya chini na manitoli ya juu. Kilichozama ni mabaki, hata kama kinavutia kwa ukijani wake.

Nne, na hapa mtanivumilia. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliunganisha kalusi ya chungwa Valencia na jani la danzi, nikitafuta chotara mwenye seti nne za kromosomu. Katika hadubini niliona seli ya kijani ikigandamana na seli nyeupe yenye punjepunje, mpaka kati yao ukififia na kijani kikisambaa polepole upande wa pili, nami nikajiona fundi. Miche ilipokua, baadhi yake ilikuwa na vikonyo vyenye mabawa mapana, na jani lake ukilisugua lilinuka danzi tupu. Yote hiyo ilikuwa na kromosomu 18. Niliandika katika daftari kwamba ni mzazi aliyeponyoka, nikaitupa. Msimamizi wangu alilisoma daftari, akauliza kwa upole uliouma kuliko karipio: “Mwanangu, tangu lini protoplasti ya jani la danzi ikazaa mche peke yake?”

Haizai. Ndiyo maana upande mmoja tunaweka jani na upande wa pili kalusi, kwa kuwa uwezo wa kuzaa mche hutoka kwa kalusi. Aliyepaswa kutiliwa shaka ni mche wenye sura ya Valencia na kromosomu 18, si ule wenye sura ya danzi, ambao kwa kila dalili ulikuwa saibridi: kiini cha danzi pamoja na mitokondria ya Valencia. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, Wuhan, waliunganisha kalusi ya chenza Satsuma na jani la furungu, wakapata kwa njia hiyohiyo mifurungu isiyo na mbegu. Mimi ya kwangu niliipeleka jalalani kwa mikono yangu. Wajapani waliotangaza chotara wa kwanza wa jamii ya michungwa kwa kuunganisha seli mwaka 1985 walimtumia mzazi mwenye jani la vijani vitatu, hivyo chotara alionekana kwa macho, lakini wazazi wetu wote wana jani moja na macho hayatoshi. Pimeni idadi ya kromosomu, kisha vinasaba vya kiini, kisha vya mitokondria, ndipo mseme mche ni wa nani.

Tano, lebo ziandikwe kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye ethanoli.