Wiki sita Unguja bila kilima: mazoezi ya kijana anayeruka kwa ski

Assalam alaykum dada yangu. Umeuliza kama wiki sita za Julai na Agosti mtakazokaa Unguja zitamrudisha nyuma mwanao wa miaka 12, kwa kuwa wenzake wa klabu huko Norway wataendelea kuteremka kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea zinazofungwa miguuni, na kuruka kwenye vilima vya plastiki, ilhali huku hakuna theluji wala kilima. Nimepita njia hiyo na binti yangu kwa miaka mitatu mfululizo, tukitoka Lillehammer na kufikia kwa bibi yake, Mkunazini. Hatarudi nyuma, mradi wiki hizo mzitumie zaidi kwa jambo moja, nalo ni kufyatuka, yaani ule msukumo wa miguu pale njia ya kuteremkia inapokwisha.

Ni kweli kwamba wenzake wataruka. Tangu Hans Renner alipobuni mikeka ya plastiki na kuitandika kilimani Oberhof, Ujerumani Mashariki, mwaka 1954, mchezo huu haungoji tena baridi. Plastiki humwagiwa maji ili ski ziteleze, na tangu 1994 wakubwa wana mashindano yao ya majira ya joto. Lakini kaa kilimani jioni moja uangalie: mtoto hupanda ngazi, husubiri zamu, huruka mara chache tu, na katika kila mruko kufyatuka kwenyewe huchukua kama sehemu tatu za kumi za sekunde. Kosa lililotokea ndani ya muda huo halirekebishiki angani. Hurekebishwa chini, kwa kurudiarudia bila ski miguuni, na kwa kazi hiyo baraza la nyumba yoyote ya Mji Mkongwe linatosha.

Baraza letu lina kimo cha goti la mtu mzima. Juu yake niliweka ubao ulioinama mbele kidogo, kwa sababu ile meza ya kilima kikubwa, pale ski zinapoachana na ardhi, haikuinuka kama watu wengi wanavyodhani, bali imeinama kiasi cha digrii 10 au 11. Mtoto huchutama juu ya ubao, kifua kimelala juu ya mapaja, mikono imenyooshwa nyuma sambamba na mwili, visigino havikuinuka. Mimi husimama mbele yake, naye anapofyatuka humdaka kiunoni na kumshikilia hewani akiwa amenyooka kama ufito.

Jioni ya pili ya mwaka wa kwanza, kichwa chake kilinigonga kidevuni nikauma ulimi. Nikamwambia apunguze nguvu, na hapo nilikosea, maana nguvu haikuwa tatizo. Alikuwa akiinua kifua kabla magoti hayajanyooka, kwa hiyo mwili ulikwenda juu badala ya kwenda mbele. Kilimani, kifua kinachoinuka mapema hukamata upepo kama tanga na kasi hupotea papo hapo. Siku iliyofuata bibi yake na shangazi yake walishika kanga huku na huku, wakaitandaza kati yetu usawa wa paji la uso wangu, naye akatakiwa apite chini yake. Kila kichwa kilipogusa kanga, mruko huo haukuhesabiwa. Tulikaa na kosa hilo moja wiki mbili nzima, na sijutii hata siku moja. Miruko 20 kwa jioni inatosha, minne minne, na mapumziko marefu katikati, kwa sababu mtoto aliyechoka hujifunza kufyatuka polepole. Sisi tulianza baada ya sala ya alasiri; Julai ni kipupwe na joto halisumbui.

Kutua tulikufanyia pwani. Maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu na unafaa kwa mbio fupi na miruko ya mguu mmoja. Mchanga mkavu uliolegea uacheni kwa kutua tu, kwa kuwa humeza msukumo wa mguu. Atue mguu mmoja ukiwa mbele, magoti yamekunjwa, mikono imetanda kama mbawa, kisha akae hivyo bila kuyumba hadi uhesabu tatu. Nyayo zinabaki mchangani, na mtoto anajionea mwenyewe alipopotoka.

Mkipata siku ya kwenda Paje au Jambiani, mpelekeni wakati kusi imeshika. Asimame akiielekea, ajilaze mbele mwili ukiwa umenyooka, nawe umshike mabegani, kisha umlegezee kidogo kidogo. Upepo wa mbele humwinua mrukaji na wa nyuma humkandamiza, ndiyo maana kwenye mashindano makubwa alama hupunguzwa au kuongezwa kwa ajili ya upepo. Binti yangu alisema alielewa zaidi pale ufukweni kuliko katika maelezo yote aliyokuwa amepewa.

Forodhani atawaona vijana wa makachu wakijirusha baharini na atataka kujiunga nao. Mwacheni kwa furaha yake, maji yakiwa yamejaa na pamoja na wenyeji wanaojua pana kina wapi, lakini msiyahesabu kama mazoezi: kule mtu hujirusha juu na kujikunja, kinyume kabisa cha tunachokitafuta.

Jambo la chakula naliandika kwa uchungu. Kocha mmoja alimwambia binti yangu, baada ya likizo, kwamba amerudi mzito, na kwa miezi kadhaa mtoto aliogopa sahani ya wali. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIS, tangu 2004 limefunga urefu wa ski na uwiano wa uzito na kimo, ili anayejikondesha alazimike kuvaa ski fupi zaidi, na kanuni hiyo iliwekwa kwa sababu vijana walikuwa wakijinyima chakula. Mwanao yumo katika umri wa kukua. Ale samaki, muhogo, wali na ndizi hadi ashibe, na mzani usiletwe mbele yake.

Kabla ya kurudi mpimeni kimo, kwani wiki sita zinaweza kubadilisha hata saizi ya viatu vyake vya ski. Kisha muombeni kocha amwanzishe kwenye kilima kidogo kuliko alichokiacha, kwa siku mbili za mwanzo, na amtazame kifua kabla ya kutazama umbali.