Fainali ya Grey Cup, kombe la ligi ya futiboli ya Kanada (mchezo unaofanana na futiboli ya Kimarekani), huchezwa wapi? Je, ni nyumbani kwa timu iliyofika fainali?

Hapana ndugu, kufika fainali hakuipi timu haki ya kuchezea kwake. Mji mwenyeji wa Grey Cup huteuliwa mapema, kabla hata msimu haujaanza, kwa hiyo wenyeji wanaweza kabisa kuishia jukwaani wakitazama wageni. Hamilton waliandaa 2023, timu yao ikatolewa raundi ya kwanza ya mtoano, na Montreal waliowatoa ndio wakaja kubeba kombe palepale. Mwaka uliofuata Vancouver waliandaa, na timu yao nayo ikatolewa raundi ya kwanza ya mtoano! Saskatchewan 2013 ndio waliokula raha: walitwaa nyumbani Regina, 45-23.

Kuhusu runinga: tangu 2008 ni vituo vya Kanada, TSN kwa Kiingereza, RDS kwa Kifaransa. Zamani ilikuwa CBC, shirika la utangazaji la umma la Kanada, iliyoionyesha mara ya kwanza 1952.

Ila kichekesho cha kweli ni fainali ya 1962, Toronto. Ukungu ulitanda hadi mashabiki na watazamaji wa runinga wakawa hawauoni mpira. Ikasimamishwa zikiwa zimebaki dakika 9 na sekunde 29, ikamaliziwa kesho yake. Winnipeg 28, Hamilton 27, na hizo dakika za mwisho hakuna aliyepata hata pointi moja.