Mpeni maswali ya wiki ya kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kijana anayependa hesabu na kuota vyuo vikubwa vya sayansi na uhandisi, achague kwa kigezo gani? Najua wengi watawatajia orodha za ubora. Mimi ni mwalimu wa Jiografia hapa Tanga, hesabu nilizikimbia kidato cha pili, lakini binti yangu yuko Form Six, PCM (fizikia, kemia na hesabu), na jambo hili limetukalia mezani mwaka mzima.

Karatasi aliyobandika kwenye mlango wa kabati ilikuwa na majina matatu: MIT na Caltech, vyuo vya sayansi na uhandisi vya Marekani, na IIT Madras ya Zanzibar, tawi la chuo cha teknolojia cha India. Hiyo ya Zanzibar, iliyoanza 2023 na ambayo ndiyo IIT ya kwanza nje ya India, niliiongeza mimi, kwa kuwa boti inafika. Binti akaangalia shahada ya kwanza waliyoanza nayo, sayansi ya data na akili mnemba, akasema, "Baba, hii nzuri, lakini mimi nataka hesabu zenyewe." Sikuelewa hesabu zenyewe ndiyo nini.

Nilielewa alipoanza kushusha masomo ya MIT. Wameyaweka bure kwenye intaneti miaka zaidi ya ishirini sasa, mihadhara pamoja na karatasi za maswali. Gharama ni bando tu. Akachukua karatasi ya kalkulasi ya mwaka wa kwanza, akaimaliza jioni moja kama anayetafuna karanga. Halafu akafungua ya somo linaloanza na uthibitisho mtupu. Swali lilimtaka athibitishe kwamba kati ya namba mbili zozote zilizo tofauti, hata zikikaribiana vipi, ipo namba inayoweza kuandikwa kama sehemu, mfano 1/2 au 7/10. Mimi nikasema si inaonekana tu? Akanitazama kwa huruma. Siku tatu alikuwa na swali lile, mpaka kwenye kupepeta mchele. Usiku wa tatu umeme umekatika, akaja na tochi ya simu: "Baba, chukulia pengo kati ya hizo namba ni mfereji. Ukikata hatua zako zikawa fupi kuliko upana wa mfereji, huwezi kuuvuka bila kukanyaga ndani." Na kwa kuwa kila hatua ni sehemu, tuseme 1/1000, palepale unapokanyaga ndiyo sehemu yenyewe.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo: mpeni mtoto maswali ya wiki ya kwanza ya chuo anachokitaka, mwone kama anabaki mezani. Vyuo hivi havifanani. Caltech hesabu za muhula wa kwanza zimejaa uthibitisho kwa kila mtu, hata aliyekwenda kuunda roketi. MIT kuna njia kadhaa, za haraka na za taratibu, ila fizikia, kemia na biolojia ni lazima kwa wote. Binti yangu, aliyeiaga biolojia Form Four kwa furaha kubwa, alinuna siku nzima.

Ukubwa nao si jambo dogo. Caltech ina wanafunzi kama 1,000 tu wa shahada ya kwanza, pungufu ya baadhi ya sekondari zetu za kata. MIT wako kama 4,500. Na Caltech kwa desturi yao mitihani mingi mwanafunzi huenda nayo chumbani, anajipimia muda mwenyewe bila msimamizi, kwa sababu aliahidi kutodanganya. Mimi niliyesimamia mitihani ya taifa na askari mlangoni nilisoma hapo mara mbili.

Fedha nimeiweka mwisho lakini ndiyo iliyokata shauri. Ulizeni mambo mawili: je, chuo kinamchagua mgeni, yaani mwanafunzi wa kutoka nje ya Marekani, bila kutazama mfuko wa mzazi, na je, kikimchukua kinalipia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa mzazi? MIT jibu ni ndiyo kwa yote mawili. Vyuo vya namna hiyo Marekani ni vichache, na mlango wenyewe ni mwembamba: wageni ni kama mmoja katika kila wanafunzi kumi. Chuo kinachojibu ndiyo moja tu kinaweza kukuacha na barua ya kukubaliwa na bili ambayo mshahara wa mwalimu hauisogelei.

Binti akafanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, huko Dar, akatuma maombi MIT. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ataomba matokeo ya Form Six yakitoka, na huko nako kuna hesabu zenyewe. Nimemwona akipitia orodha ya kozi zao.

Kwa desturi ya MIT majibu hutoka Machi 14, siku ya pai, ile namba ya duara, 3.14, kwa kuwa Wamarekani huandika mwezi kabla ya tarehe, na saa yao ya jioni ya Kizungu ni 6:28, yaani pai mara mbili. Kwetu hiyo ni saa saba na dakika 28 usiku. Yeye anasema atalala. Mimi nimeshanunua bando.