Kuchora ndege ya rimoti kwenye kompyuta: anza na betri, umbo litafuata

Mkuu, umeuliza ujifunze programu gani ili uchore ndege zako mwenyewe za rimoti. Umesema umeshajaribu tatu ndani ya miezi miwili, kila moja unaishia kuchora kikombe na nati, ukigusa ndege tu unakwama. Nimepita hapohapo. Mimi si injinia, ni fundi simu hapa Morogoro, na ndege yangu ya nne ndiyo ya kwanza kupaa kama nilivyoichora. Naandika kirefu kidogo, vumilia.

La programu tulimalize haraka. Kwa laptopu ya RAM GB 8 na bando la kuungaunga, chukua FreeCAD. Ni ya bure, unaipakua mara moja, mafaili yanakaa kwako. Hakikisha ni toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, au la baada ya hapo. Yale ya zamani yalikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: unarekebisha mchoro wa mwanzo, vyote vilivyojengwa juu yake vinavurugika. Fusion ya Autodesk ni laini zaidi mkononi, lakini leseni yake ya bure inakubana kwenye mafaili 10 unayoweza kuyahariri, na inapenda intaneti. Onshape unaifungua kwenye kivinjari, ila kwa akaunti ya bure kazi zako zinaonekana na kila mtu. SketchUp waachie wachora nyumba. Mduara wake ni vipande vya mistari iliyonyooka, na ukingo wa mbele wa bawa hautaki kona.

Sasa kilichonikwamisha mimi. Nilianza na umbo. Wiki tatu nachonga kiwiliwili kwenye kioo, pua fupi imenona, mkia mrefu, nikawa naizungusha kwa kipanya na kumwonyesha mke wangu. Mabawa mm 1,200 kutoka ncha hadi ncha, upana wa bawa mm 200. Nikakata, nikagundisha, nikafunga mota na betri, nikainyanyua kwa vidole viwili chini ya mabawa. Mkia ukaenda chini kama jembe. Kwa bawa la mstatili namna hii, ndege inatakiwa itulie ukiishika kati ya robo na kama asilimia 30 ya upana wa bawa, yaani mm 50 hadi 60 kutoka ukingo wa mbele. Ya kwangu ilitaka gramu 90 za chubwi za ndoano puani ndipo ikae sawa. Ilipaa, lakini kwa shida, kama bata aliyeshiba.

Hesabu nilikuja kuifanya baadaye na ikaniuma. Chubwi za gramu 90 zilikuwa mm 200 mbele ya kitovu cha uzito. Zidisha, unapata 18,000. Betri yangu ya 3S, yaani ya seli tatu, ina gramu 180. Ningeisogeza mbele mm 100 tu, ni 18,000 ileile, bila kuongeza hata gramu moja. Lakini pua nilishaichora fupi kwa sababu ilipendeza, betri ingepita wapi?

Kwa hiyo siku hizi faili jipya naanza na maboksi mabaya mabaya. Betri ni boksi, mota ni silinda, sevo mbili za gramu 9 (vijimota vya kugeuzia usukani) ni vijiboksi, kipokeaji cha mawimbi ya rimoti hivyohivyo. Kila kimoja nakipima kwanza kwa vernia na mizani ya jikoni. Vipimo vya kwenye tangazo la muuzaji siviamini. Halafu nafungua Spreadsheet, ile ya humohumo ndani ya FreeCAD, naandika jina, uzito, na umbali kutoka puani. Nazidisha, najumlisha, nagawa kwa uzito wote. Namba inayotoka, ikipimwa kutoka puani, ndiyo mahali ndege itakapotulia. Nasogeza maboksi mpaka inakubali, kisha ndipo nachora kiwiliwili cha kuyafunika. Ndege yangu ya nne haina pua nzuri. Ina gramu 720 na haina chubwi.

Spreadsheet hiyohiyo ina kazi nyingine ambayo ndiyo sababu ya kuhangaika na programu za aina hii badala ya penseli. Fomubodi, lile bamba jepesi la povu ninalojengea ndege, huuzwa steshenari kama ya mm 5, niliyoipima ilikuwa 4.6. Nafasi nilizokuwa nimechora za kuchomekea mbavu (vipande vinavyolipa bawa umbo) kwenye mhimili unaopita kati ya bawa zikawa zinacheza, gundi ikawa nyingi, uzito ukapanda. Sasa kuna kisanduku kimoja nimekipa jina «unene», na kila nafasi kwenye mchoro, badala ya kuandika 5, nimeandika =Spreadsheet.unene. Nikibadilisha fomubodi, nabadilisha namba moja, mbavu zote tisa zinajirekebisha zenyewe. Siku hilo litakapokubali kwako kwa mara ya kwanza utacheka peke yako.

Litakubali tu kama mchoro wako umefungwa. Kwenye Sketcher, sehemu ya FreeCAD ya kuchorea mistari, mistari ikiwa bado inaelea huwa haijageuka kijani. Ikishakuwa na vipimo na masharti yote, inageuka kijani. Usivute mchoro kuwa gimba, yaani umbo lenye unene, kabla ya kijani. Hili ndilo somo ninaloona watu wengi wanaliruka, kisha wanalalamika kwamba programu ina mapepo.

Kuhusu umbo la ubavu, usilibuni. Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kina hazina ya mafaili ya maumbo hayo, yanapatikana bure. Anza na Clark Y, ipo tangu 1922, tumbo lake sehemu kubwa ni bapa, hivyo bawa unalijengea juu ya meza bila kuhangaika. FreeCAD inafungua faili la .dat moja kwa moja. Ila sikia: mara ya kwanza nililifungua sikuona kitu. Nikafungua tena, nikapakua jingine, nikazima na kuwasha laptopu. Saa nzima. Ubavu ulikuwepo, mm 1, kama chawa katikati ya kioo, kwa sababu namba za mafaili hayo zinaenda 0 hadi 1. Zidisha mara 200, upate bawa la mm 200. Na ncha ya nyuma kabisa kata mm moja au mbili, la sivyo inakuwa nyembamba mno: gimba linakataa kujengeka, na hata likijengeka fomubodi itapasuka.

Kuprinti nako kuna mtego. Ukipeleka PDF steshenari, kijana wa pale anaacha imewashwa ile alama ya kulitosheza karatasi, na mchoro unapungua. Ubavu wangu wa mm 200 ukatoka 194, na tundu la sevo likaikataa sevo. Nimeshakata zote ndipo napima. Chora mstari wa mm 100 kwenye kila karatasi, uupime kwa rula palepale kaunta kabla ya kulipa.

Printa ya 3D sahau kwa sasa. Plastiki yake ya kawaida, PLA, ni nzito, na kosa la kwenye fomubodi unalilipia bei ya chai. XFLR5, programu ya kukokotoa jinsi bawa litakavyopaa, pia iache mpaka umerusha moja. Ila kabla ya kurusha, kama uko Tanzania, waulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kuhusu kibali na sehemu unayotaka kurushia. Mimi niliulizwa na mgambo uwanjani nikiwa sina la kujibu.

Pima betri yako leo, tengeneza hiyo meza ya uzito, weka picha yake hapa kabla hujakata chochote. Nitaipitia jioni nikifunga kibanda.