Swali la lugha: Nani alipelekewa upepo?

SWALI: Msomaji wa Umoja, Nairobi, anaeleza kwamba ndugu yake alianguka kutoka kwenye bodaboda akaumia shavu, na alipopenga kamasi jioni hiyo, kope zilivimba ghafla hadi jicho likafumba. Katika kijitabu cha afya alikuta sentensi hii: "Kupenga kamasi baada ya ajali hupelekea upepo kunaswa kando ya jicho." Anauliza kama neno sahihi ni upepo au hewa.

JIBU: Ni hewa. Neno hilo lenye asili ya Kiarabu hutaja kitu chenyewe, kiwe kimetulia au kinakwenda. Upepo, jamaa ya pepea na pepeta, ni hewa iliyo mwendoni, na iliyonaswa haivumi tena. Hata hivyo, msomaji ameliruka kosa kubwa zaidi, nalo ni "hupelekea".

Kumpelekea mtu kitu ni kukifikisha kwake. Mama anayesimama kwenye kituo cha mabasi cha Machakos, hapa jijini, akamkabidhi utingo mfuko wa unga, anampelekea nyanya unga: mpelekaji yupo, mzigo upo, mpokeaji yupo, na ukiigeuza sentensi utapata "nyanya amepelekewa unga" bila kulikwaruza sikio. Je, katika sentensi ya kijitabu, kamasi imempelekea nani mzigo gani? Igeuze uone: "upepo umepelekewa na kamasi". Hakuna mzaliwa wa lugha hii atakayelitamka hilo. Ni Kiingereza ("lead to") kilichovishwa kanzu, nacho kimejaa katika taarifa za habari, ambamo kila siku mvua "inapelekea" mafuriko na migomo "inapelekea" masomo kusimama, ilhali tuna kusababisha, tuna kufanya, na tuna kuleta, ambacho nakipenda kuliko vyote kwa sababu wazee wetu waliona kwamba madhara hutujia sisi: maji machafu huleta kipindupindu, hayakipeleki popote.

Wala uvimbe huu wa kope hauhitaji "hupelekea" ili uelezwe. Ukuta wa mfupa unaolitenga jicho na sainasi, yaani matundu yenye hewa ya kando ya pua, ni mwembamba kama karatasi. Pigo la usoni huutia ufa, na mtu akipenga kamasi au akipiga chafya, hewa husukumwa kupitia ufa huo ikaingia kwenye nyama laini za kope, ambazo ukizibonyeza kwa kidole utahisi mchakacho. Upasuaji wa sainasi huweza kuiingiza, na hata mashine ya daktari wa meno inayoendeshwa kwa hewa. Fundi wa gereji aliyepigwa jichoni na mpira wa kujazia magurudumu akisema "upepo umeniingia", ninamkubalia, kwa kuwa huo kweli ulikuja ukivuma.

Mara nyingi hewa hiyo hunywea yenyewe kwa siku chache au wiki moja mbili, mradi mgonjwa asipenge kamasi. Ikizidi, huweza kuubana mshipa wa fahamu wa jicho, na kuona kukianza kufifia, ndugu huyo apelekwe hospitali papo hapo.

Basi kijitabu kingeandika hivi: "Kupenga kamasi baada ya kuumia uso huweza kuingiza hewa kwenye kope." Usababishi wote umo ndani ya kuingiza.