Kipimo hakikuona malaria, mbona kapewa SP?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu alivuka ziwa kutoka Fizi, Kivu Kusini, kwa sababu ya vita, sasa yuko kambi ya Nyarugusu. Ana mimba ya kwanza, miezi mitano. Kliniki wamempima: wingi wa damu 8.2, malaria hana. Lakini wamemmezesha vidonge vitatu vya SP, dawa ya malaria, palepale na kumpa vidonge vya damu. Kama malaria hana, SP ya nini? – Msomaji, Kasulu

JIBU: Marahaba. Kipimo kile kinatoa habari za damu ya kidoleni tu. Vimelea vya malaria aina ya falsiparamu, ambavyo ndivyo vimejaa huku kwetu na Kongo, hujibanza kwenye kondo la nyuma, na kidoleni huenda visionekane kabisa. Mama hana homa, anafua na kuteka maji kama kawaida, kumbe chembe nyekundu zinapasuka na chakula cha mtoto kinapita kwa shida. Mwenye mimba ya kwanza ndiye huumia zaidi, hata kama kaugua malaria tangu utoto, kwa kuwa mwili wake haujawahi kupambana na vimelea vya kwenye kondo.

Ndiyo maana SP ya mjamzito haisubiri kipimo. Arudie kila baada ya mwezi au zaidi, zifike angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Wengi waliokimbia hufika bila kadi ya kliniki. Kama alishapewa ng'ambo, aseme lini. Na kama anatumia septrini kwa ajili ya VVU, amwambie mkunga mapema, maana hapo SP hapewi.

Damu 8.2 ni ndogo. Tunataka 11 kwenda juu. Lakini tusiisukumie malaria lawama zote. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu, na kuishi kwa mgao wa mahindi na maharage hakuijazi. Dawa ya minyoo anaruhusiwa sasa. Kwa damu ya kiwango hicho, madini ya chuma huongezwa hadi miligramu 120 kwa siku. Choo kitakuwa cheusi, asiogope. Chai aiweke mbali na vidonge.

Jambo moja wengi hulikosea: foliki (vitamini ya kusaidia damu) ya miligramu 5 inayouzwa madukani hupunguza nguvu ya SP. Ile ya 0.4 iliyochanganywa na madini ya chuma haina shida. Usimnunulie nyingine kwa huruma.

Akianza kuhema akiwa amekaa, au damu ikishuka chini ya 7, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.